Betri Haifiki Jioni: Barua za Wasomaji na Majibu ya Mafundi

Barua za safari hii karibu zote zinalilia chaji. Ila ndani yake mna vilio viwili, na tusipovitenganisha tutachanganyana. Kuna anayetaka chaji ya leo imfikishe usiku, na kuna anayetaka betri yenyewe imfikishe mwaka wa tatu bila kwenda kwa fundi. Dawa ya huyu mara nyingine inamdhuru yule. Barua ndefu tumezifupisha.

Nikiwa Mwanza mjini, simu yangu inafika saa nne usiku ikiwa bado na asilimia 40. Nikirudi kituoni kwangu Ukerewe, simu hiyohiyo saa nane mchana imezima, na hapo siigusi maana nipo darasani. Ni betri au nimerogwa?
*Mwalimu, Ukerewe*

Hujarogwa, Mwalimu, na betri ni nzima. Ingekuwa mbovu ingekuaibisha hata Mwanza. Mlaji ni mtandao. Simu iliyolala mezani haikai bure, kila baada ya muda inawasiliana na mnara, na nguvu inayotumia inategemea umbali wa mnara na vizuizi vilivyopo katikati. Karibu na mnara, redio ya 4G, yaani sehemu ya simu inayowasiliana na mnara, hurusha mawimbi kwa nguvu ndogo mno. Pembezoni inapanda hadi kikomo chake, milliwati 200, na kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme inaoingiza hupotea kama joto, betri inalipa mara kadhaa ya hizo. Mtandao ukikata kabisa ndiyo balaa zaidi: simu inaanza kusaka, 4G, ikikosa 3G, ikikosa 2G, kisha inarudi juu na kuanza upya.

Kabla hujabadili kitu, pima. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, tafuta hali ya laini, humo utakuta nguvu ya mawimbi. Ni namba yenye alama ya kutoa, inahesabiwa kwa dBm. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -115 ndiyo inayokumalizia chaji. Usiidharau tofauti ndogo ya namba: kila ikipungua kwa 10, mawimbi yanayokufikia yamepungua nguvu mara kumi. Zunguka nayo sasa. Ndani ya chumba cha tofali chini ya bati unaweza kusoma -116, na dirishani, upande ulio na mnara, ukasoma -104. Basi hapo dirishani ndipo pa kuiweka, mradi jua halipigi moja kwa moja.

Halafu angalia laini ya pili. Wengi tuna laini mbili, moja ya kupigia na nyingine ya kupokelea pesa. Kama mtandao wa hiyo ya pili haushiki kituoni kwako, simu inausaka kutwa nzima kwa niaba yako. Izime kwenye mipangilio ya laini, huna haja ya kuichomoa, utaiwasha ukivuka kwenda mjini. Katika yote tuliyokuandikia, hili ndilo tunalotarajia likurudishie saa nyingi.

Kama 4G inakuja na kuondoka, ilazimishe simu ibaki 3G au hata 2G saa za vipindi, kutegemea upi unatulia hapo ulipo. Simu na ujumbe wa kawaida vitaingia. WhatsApp itachechemea, ila uko darasani.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio la usiku mmoja. Lala na simu katika hali ya ndegeni, andika asilimia kabla na baada. Kwa saa nane, kushuka kwa asilimia 1 hadi 3 ni kawaida. Ikishuka 10 na zaidi wakati redio zote zimezimwa, basi tulikosea kuulaumu mtandao: kuna programu isiyolala, au betri imechoka, au kuna hitilafu kwenye bodi.

Kila nikimaliza kutumia simu nafunga programu zote, nimeweka na programu ya kusafisha na kuongeza betri. Rangi ya kioo nimeweka nyeusi. Mbona sioni tofauti yoyote?
*Mwanafunzi wa chuo, Mombasa*

Ifute hiyo ya kusafisha leo. Hakuna programu inayoweza kuongeza betri; nyingi ya hizo zinaishi kwa matangazo, na zenyewe ndizo zinazoamka kila dakika kuyaleta.

Kuhusu kufunga: programu uliyoiacha kwa nyuma mara nyingi imegandishwa, ipo kwenye kumbukumbu tu. Android ina utaratibu wa kuzilaza programu simu inapotulia tangu toleo la 6 la mwaka 2015, na toleo la 9 la 2018 likaongeza kuzipanga kulingana na unavyozitumia. Ukiitupa WhatsApp nje na kuifungua tena mara 60 kwa siku, kila mara prosesa inaanza kuipakia upya. Umeongeza kazi, hujapunguza. Funga ile iliyoganda au inayokusumbua, nyingine ziache.

Cha kufanya ni kumtafuta mlaji kwa jina. Mipangilio, Betri, kisha matumizi ya betri. Usitazame asilimia peke yake, tazama muda ambao programu imefanya kazi kwa nyuma. Ukikuta programu ya tochi, ya kamari au ya kupamba picha ina saa tatu kwa nyuma na wewe umeifungua dakika mbili, bonyeza jina lake, chagua izuiwe kwa nyuma. Kama humo mna WhatsApp iliyorekebishwa, kama ile iitwayo GB WhatsApp, hatutakuficha: hatuishauri, kwa sababu za betri na za usalama pia. WhatsApp halali nayo ipunguzie mzigo kwa kuzima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe, hasa kama umo kwenye makundi ya ukoo na ya mahafali.

Rangi nyeusi inasaidia kwenye kioo cha OLED tu, ambacho kila nukta inajiwashia taa yake na nukta nyeusi imezimwa. Kwenye LCD kuna taa moja kubwa nyuma inayowaka muda wote, uweke rangi nyeusi au nyeupe. Kujua unacho kipi, fungua picha nyeusi tupu usiku, taa zimezimwa, mwanga wa kioo juu kabisa. Kioo kikipotea gizani ni OLED; kikionekana kijivu kinachong'aa ni LCD. Na hata kwenye OLED, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani walipopima mwaka 2021 walikuta mwanga ukiwa juu kabisa nyeusi inaokoa asilimia 39 hadi 47, lakini mwanga ukiwa 30 hadi 50, wanaotumia watu wengi ndani ya nyumba, inaokoa 3 hadi 9 tu. Shusha mwanga kwanza. Rangi ni ya macho yako.

Mama anasisitiza simu mpya ichajiwe masaa manane kabla ya kuwashwa, na kwamba kulala nayo kwenye chaji kunaua betri. Mume wangu anasema nisizidishe asilimia 80. Nimsikilize nani?
*Dada, Unguja*

Mpe mama heshima yake, dada, ila ushauri wake ni wa betri za nikeli za zamani, zilizohitaji kuamshwa hivyo. Za sasa ni za lithiamu. Itoe kwenye boksi, iwashe, itumie.

Kulala nayo kwenye chaji hakuilipui simu nzima yenye chaja nzuri, kwani ikijaa inakata yenyewe. Shida ni nyingine. Betri iliyojaa inakaa kwenye volti kama 4.4, na volti kubwa pamoja na joto ndivyo vinavyoizeesha kemia ya ndani. Ikilala imejaa saa sita chini ya mto, kava limefungwa, umeiwekea vyote viwili. Iweke juu ya meza au sakafuni, na uwashe ile chaguo ya kuchaji kwa busara usiku: simu inasimama kwenye 80, inamalizia karibu na saa unayoamka.

Mume naye yuko sahihi kwa nusu. Kuishia 80 kunarefusha kweli umri wa betri. Lakini unanunua umri wa mwaka wa tatu kwa kutoa sehemu moja kati ya tano ya chaji ya leo, kila siku. Mtu anayebadilisha simu baada ya miaka miwili, tena anakaa mtaa ambao umeme unakatika bila taarifa, kwa maoni yetu ajaze tu. Kizuizi cha 80 tunakipendekeza kwa nguvu kwa mtu mmoja hasa: wakala wa pesa mwenye simu iliyochomekwa kwenye ukuta wa kibanda tangu asubuhi hadi kufunga. Simu hizo ndizo mafundi wanazipokea zimevimba mgongo. Yeye aweke kizuizi, au kama simu haina, achaji asubuhi na jioni na kuchomoa katikati.

Usiogope kuchaji kidogo kidogo. Mzunguko mmoja wa betri unahesabiwa kwa jumla ya asilimia 100 zilizotumika, iwe kwa mkupuo au kwa vipande vinne vya 25. Apple, kwa mfano, wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya ujazo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Kinachoumiza ni kuiacha ifike sifuri na kukaa hivyo wiki kadhaa drooni. Simu ya akiba ihifadhi ikiwa na chaji nusu, imezimwa, mahali pa baridi kiasi.

Naendesha bodaboda na oda zote zinaingia kwenye simu. Nimeifunga kwenye usukani na kuichomeka kwenye chaji ya pikipiki. Kufika saa saba inachemka, kioo kinafifia chenyewe, na chaji haipandi hata nikichaji.
*Dereva, Morogoro*

Umeirundikia joto la pande nne kwa wakati mmoja, kaka: jua la saa saba, kioo kwenye mwanga wa mwisho, ramani na data zinazofanya kazi bila kupumzika, na kuchaji, ambako nako kunatoa joto. Simu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa yenye joto la hadi nyuzi 35. Betri ikikaribia 45, simu inapunguza au inasimamisha kuchaji, na kioo inakififisha kusudi ili kujiokoa. Kwa hiyo chaja yako pengine ni nzima.

Anza na kuchaji. Usichaji ukiwa juani unaendesha. Chaji kijiweni kivulini, dakika 20 au 30 kila unapopata nafasi. Betri inapokea haraka ikiwa chini ya nusu, kisha inapunguza mwendo inavyokaribia kujaa, kwa hiyo dakika 20 kuanzia asilimia 15 zina faida kuliko dakika 20 kuanzia 75. Toa kava, au angalau usitumie jeusi la mpira. Ukishaijua njia, zima kioo na uache sauti ikuelekeze kwa kisikilizio cha sikio moja. Kioo kilichozimwa kinakuokolea kuliko mpangilio mwingine wowote tutakaokutajia.

Simu ikishachemka, ichomoe, itoe kava, iweke kivulini penye upepo. Usiitie kwenye friji wala kuiwekea chupa ya maji baridi: unyevu wa hewa utageuka kuwa maji ndani yake, na hapo utamlipa fundi kwa kosa jingine.

Sasa chaja ya pikipiki. Injini ikiunguruma, mfumo wa umeme wa pikipiki huwa kama volti 14 na unapanda na kushuka. Simu inataka volti 5 zilizotulia. Tafuta soketi ya USB yenye kigeuzi kizuri, ampea 2 hadi 3, yenye kifuniko cha mvua, na waya wake upite kwenye fyuzi ukitoka kwenye betri. Zile ambazo fundi anaunga tu kwenye waya wa taa ndizo zinazoua simu, au kuunguza waya wa taa. Na usichaji injini ikiwa imezimwa kwa muda mrefu: wati 10 ni karibu ampea 1 kutoka kwenye betri ya volti 12, na betri ya ampea-saa (Ah) 5 ikitolewa saa mbili hivyo, siku ambayo imechoka, hutawasha kwa kibonyezo, utapiga kiki.

La pembeni ambalo hukuuliza: mtikisiko. Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa pikipiki kubwa unaweza kuharibu utulivu wa kamera za iPhone. Kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko ni pesa iliyotumika vizuri, na tundu la chaji nalo litalegea pole pole zaidi.

Chaja yangu imeandikwa ampea 2, lakini simu inachukua usiku mzima kujaa. Nikiazima waya wa jirani inajaa saa mbili na nusu. Inakuwaje waya ufanye hivyo?
*Muuza duka, Kigoma*

Umeshajijibu, ni waya. Ndani ya waya wa chaja kuna nyaya mbili zinazobeba umeme na mbili za data. Tazama maandishi madogo kwenye gamba. Ukikuta 28AWG (AWG ni kipimo cha unene wa nyaya) upande wa umeme, ni nyembamba, na kwa ampea 2 waya wa mita moja unameza karibu volti 0.85 kwenda na kurudi. Chaja imetoa 5, simu imepokea 4.15. Simu nyingi zikiona volti zimeshuka hivyo zinapunguza zenyewe mkondo, na unaishia kuchaji kwa wati mbili, tatu. Waya wa 24AWG kwa urefu huohuo unameza 0.34 tu. Kumbuka namba ndogo ndiyo nyaya nene. Na waya wa mita mbili ni hasara mara mbili, hata uwe mzuri.

Kabla ya kununua, washa tochi uchungulie tundu la chaji. Vumbi la mfukoni hujikandamiza chini kabisa na kichwa cha waya hakizami hadi mwisho. Zima simu, ulitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, pole pole. Sindano weka mbali.

Asilimia zilikuwa zinaruka kutoka 30 hadi 4, simu inazima. Fundi akaniwekea betri mpya imeandikwa 6000 mAh wakati ya asili ilikuwa 5000. Baada ya miezi minne hali ni ileile, na kifuniko cha nyuma kimeanza kuinuka.
*Msomaji, Arusha*

Tunaanza na mwisho maana ndio wa hatari. Kifuniko kinachoinuka ni betri iliyojaa gesi. Acha kuichaji leo. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa, usiendelee kuiweka mfukoni. Izime, iweke juu ya saruji au ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, mbali na pazia na godoro, hadi ufike kwa fundi. Ikitolewa isitupwe kwenye shimo la taka, kwa sababu taka zetu zinachomwa moto.

Betri ya kwanza ilikuwa imezeeka kihalali. Ikichoka, ukinzani wake wa ndani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, unapanda, na ukifungua kamera volti zinaporomoka ghafla. Simu inaona imeisha wakati chaji bado imo. Ndiyo maana ya kuruka kutoka 30 hadi 4.

Ya pili ni hadithi nyingine. Betri ya ukubwa uleule, unene uleule, haiwezi kuongezeka elfu moja kwa kubadilishwa karatasi. Kipimo rahisi ni mizani ya sonara. Betri ya kweli ya 5000 mAh ina uzito wa kama gramu 65 hadi 75, kwa sababu nishati ya karibu wati-saa 19 haikai kwenye kitu chepesi kuliko hapo. Ukiambiwa 6000 na mizani inasoma 45, umeuziwa namba. Betri ya asili iliyokaa stoo miaka minne nayo imezeekea humo humo, kwa hiyo soma tarehe ya kutengenezwa kabla ya kushangilia nembo.

Ikishafungwa, ipime kwa siku moja. Nunua kipima USB, kile kidude kinachokaa kati ya chaja na waya na kuonyesha wati-saa. Tumia simu hadi izime, ichaji ikiwa imezimwa hadi ijae, soma namba. Betri nzima ya 5000 itaonyesha kama 21 hadi 23, pamoja na kinachopotea njiani kama joto. Ukisoma 13, irudishe kwa aliyekuuzia siku hiyohiyo, ukiwa na picha ya kipima.

Fundi naye mchague kwa mkono wake. Mwambie unaileta simu ikiwa chini ya asilimia 25, maana betri yenye chaji ndogo ikijeruhiwa moto wake ni mdogo. Baada ya kufungua, cha kwanza anachopaswa kugusa ni klipu ya betri, aichomoe, ndipo aendelee. Gundi inalegezwa kwa matone ya spiriti safi ya kusafishia bodi na kadi ya plastiki inayopitishwa taratibu. Ukiona bisibisi bapa inaingizwa chini ya betri kama mtu anayefungua kopo la rangi, chukua simu yako uondoke. Na kama simu ilikuwa inahimili maji, baada ya kufunguliwa ihesabu kuwa haihimili tena, labda awe ameweka gundi mpya pande zote na unamwamini.

Kwa wanaonunua simu zinazotoka Ulaya: zilizoingia sokoni kule kuanzia 20 Juni 2025 zinatakiwa kisheria betri yake ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Kwa hiyo tarehe ya toleo la simu ina maana kuliko usafi wa kioo. Kwenye iPhone 15 na kuendelea, idadi ya mizunguko inasomwa kwenye mipangilio ya Betri, sehemu ya afya ya betri. Muulize muuzaji akuonyeshe kabla hamjazungumza bei.

Nipo Minneapolis, nasubiri basi asubuhi nyuzi ziko chini ya sifuri. Simu ina asilimia 50, naitoa mfukoni, dakika tano imezima. Nikiingia kazini inawaka na 45.
*Msomaji, Marekani*

Chaji haikwenda popote. Kwenye baridi, kemia ya betri inakuwa nzito na ukinzani unapanda, volti zinaanguka simu ikitaka nguvu, inajizima. Betri changa inavumilia. Iliyochoka haivumilii, na kwa maelezo yako, ya kwako imeanza kuchoka. Ni jambo hilohilo lililowaingiza Apple matatani: Desemba 2017 walikiri kwamba programu yao inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizozeeka ili zisijizime, na mwezi huohuo wakatangaza kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29.

Iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, si ule wa nje. Tumia kisikilizio ili usiitoe. Ukifika ndani usiichomeke hapo hapo. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri, lithiamu inajipaka kama chuma juu ya ncha moja ya ndani, na hapo ujazo uliopotea haurudi. Simu nzuri inakataa yenyewe. Pawabenki za bei ya chini hazijui kukataa, kwa hiyo hiyo nayo isubiri ipate joto.

Nataka kununua pawabenki kabla ya safari ya Muscat kwenda Zanzibar. Iliyoandikwa 20000 itajaza simu yangu ya 5000 mara nne? Na naruhusiwa kupanda nayo?
*Mama wa watoto watatu, Muscat*

Mara tatu hivi, mama, wala muuzaji hajakuibia. Hizo 20000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, yaani wati-saa 74. Zikipandishwa kuwa volti 5 za USB zinapotea kiasi, zinatoka 60 na kitu, na simu yako inataka kama 22 kujaa pamoja na hasara zake. Ya 10000 itakupa mara moja na nusu.

Kwenye ndege ibebe mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo unaokwenda chini. Hadi wati-saa 100 huhitaji kibali, na yako ya 74 imo. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika. Nunua iliyoandikwa wati-saa kwenye gamba, kwa sababu ikiwa imefutika au haipo, ofisa wa ukaguzi anaweza kuichukua. Soma na masharti ya shirika lenyewe kabla ya kuondoka: Emirates, kwa mfano, tangu 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, na hairuhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Kama watoto watatu wataangalia katuni njiani, simu na tableti zijazwe nyumbani, video zipakuliwe mapema, na hali ya ndegeni iwashwe tangu mlango wa ndege unapofungwa.